Wimbo wa Tisa na Sauti ya Barafu

Kaunas, 4 Mei 1998

Ndugu yangu Žygintas,

Umenyamaza tangu Februari. Nimejiambia labda ile taipureta ya marehemu mama yako imekufa, au umeoa. Kati ya hayo mawili naomba iwe taipureta.

Habari ni njema. Albamu imekaribia kukamilika. Nyimbo kumi na moja, wanamuziki kumi na mmoja, kila mmoja na wimbo wa zamani wa kijijini kwake alioupindua anavyojua mwenyewe. Jina ni lilelile, *Nyumba Zisizotoa Moshi*. Yuko dada mmoja wa Šiauliai anayeimba wimbo wa mavuno huku akisugua mundu juu ya sufuria. Mke wangu Daiva alinyanyuka akatoka chumbani. Yuko yule bwana wa Biržai mwenye ngoma ya pipa la kabichi. Na wewe ni wa tisa. Nimekuweka hapo kwa sababu baada yako msikilizaji anahitaji nyimbo mbili za kurudishia pumzi.

Jambo moja. Mwisho wa wimbo wako bado kuna ule utupu wa nusu dakika. Ile sauti ya barafu niliyokuomba, uliipata? Najua ziwa limeshayeyuka, lakini kama ulirekodi kabla, nitumie kaseti hata kama ina mikwaruzo. Fundi mitambo wa Vilnius ananisubiri hadi mwisho wa Juni.

Nisalimie nyuki.

Rimvydas Gaučys


Šilagiriai, 9 Mei 1998

Mwanangu Nijolė,

Nyuki wametoka salama kwenye mizinga kumi na minne. Miwili imekufa. Ng'ombe wetu Margė atazaa mwezi ujao.

Kuna barua imekuja ya mdogo wako. Genutė wa posta alinipa ameigeuza kifudifudi ili nisione jina. Nililiona.

Inatoka kwa mtu wa Kaunas anayekusanya zile nyimbo za kutishia kuku. Ndani anamwuliza kama aliipata sauti ya barafu aliyomwomba. Aliyomwomba, Nijolė. Miezi miwili nimekuwa nikijiuliza mtu mzima mwenye akili zake alifuata nini ziwani mwezi wa tatu, na kumbe jibu liko Kaunas, limekaa mezani linakunywa kahawa.

Nimemjibu. Sikumwambia kwamba Žygintas amekufa. Nimetumia taipureta ya mama yenu, kwa vidole viwili, nikaweka herufi moja tu chini kama alivyokuwa akifanya yeye. Kwanza nataka nijue alimwandikia maneno gani. Nikishajua, nitajua pia la kumfanya.

Usinipigie kelele.

Baba


Šilagiriai, 9 Mei 1998

Rimvydas,

Nilikuwa na kazi. Barafu sikuipata. Barua yako ya zamani imepotea, niandikie tena uliniomba nini hasa na kwa maneno gani.

Nyuki wazima.

Ž.


Kaunas, 16 Mei 1998

Ndugu yangu Žygintas,

Umeandika kama mtu wa telegramu anayelipishwa kila neno. Lakini uko hai, inatosha.

Barua hiyo niliiandika Januari, na maneno nayakumbuka kwa sababu niliyapenda mwenyewe, Mungu anisamehe. Nilisema mwisho wa wimbo unahitaji kitu ambacho si chako wala si cha bibi yako. Wewe ndiwe uliyeniambia kwamba ziwa lenu likibanwa na baridi huimba. Basi nikasema, nenda ukaliombe lituimbie. Ndivyo nilivyoandika.

La pili. Fundi anauliza kuhusu ile sauti ya dakika ya nne, ya marehemu baba yako, anaposema "Funga mlango, baridi yote inaingia." Anadhani iliingia kwa bahati mbaya, anataka kuikata. Nimemwambia nitakuuliza, ingawa jibu lako nalijua. Niandikie mstari mmoja nimwonyeshe, maana mimi haniamini.

Rimvydas


Klaipėda, 17 Mei 1998

Baba,

Sitakupigia kelele kwa sababu niko wodini.

Huyo mtu anaamini Žygintas yuko hai, na anaamini hivyo kwa sababu yako. Kila siku unayomwacha aendelee kuamini, unamwongezea uchungu. Mwambie. Ukishindwa, nipe anwani nimwandikie mimi. Mimi ndiye niliyempigia padri simu, mimi ndiye niliyemchagulia Žygintas shati la kuzikwa nalo, naweza pia kuandika barua moja.

Na ule chakula. Genutė ameniambia siku hizi unanunua nusu mkate.

Nijolė


Šilagiriai, 22 Mei 1998

Nijolė,

Anwani sikupi. Nina swali. Ulijua kwamba mimi ni marehemu?

Mtu wa Kaunas ananiita "marehemu baba yako," kirahisi kabisa, kama mtu aliyeambiwa zamani akazoea. Tena anasema sauti yangu imo kwenye wimbo. Sikujua. Nimeingia chumbani kwa Žygintas kwa mara ya kwanza, nikaitafuta kaseti, nikaisikiliza kwenye redio ya jikoni.

Mwanzoni ni kankles ya bibi yenu, ile ala ya nyuzi kumi, lakini haitoi sauti ninayoijua mimi. Inavuma kama mzinga uliopigwa teke. Yeye anaimba chini kwa chini ule wimbo ambao bibi aliwaimbia wafu, anarudia mstari mmoja, anarudia, mpaka nikataka kuzima. Halafu mlango unalia. Halafu mimi. Funga mlango, baridi yote inaingia. Sauti ya mtu ambaye hata mbwa asingemfuata.

Nijibu ukweli. Usinipoze kama mgonjwa.

Baba


Klaipėda, 28 Mei 1998

Baba,

Nilijua.

Alianza kusema hivyo shule ya muziki, mwaka wa pili. Nilikwenda kumtembelea, kijana anayelala naye chumba kimoja akanishika mkono akanipa pole ya baba. Nikaipokea. Ningefanya nini? Baadaye nilimbana Žygintas, akasema ni rahisi kuliko kueleza.

Ni mwaka ule wa kankles. Wewe ulisema uliisahau bandani majira yote ya baridi, ikapasuka. Yeye alikuwa ameiviringisha blanketi na kuitundika chumbani kwake. Aliporudi Pasaka aliikuta bandani ina ufa, na blanketi liko juu ya kitanda limekunjwa vizuri. Mtu aliyesahau hakunji blanketi, Baba. Ndivyo alivyoniambia. Hiyo sauti unayosema inavuma kama mzinga ni ya ule ufa. Hakutaka kabisa fundi auzibe kwa gundi. Alikuwa akiuziba mwenyewe kwa nta, kidogo kidogo, mpaka uvume anavyotaka.

Lakini Mama alipofariki alirudi nyumbani, na hakuna aliyemlazimisha. Aliishi miaka miwili na marehemu wake, akamkamulia ng'ombe na kumpasulia kuni. Sijui hilo lina maana gani. Mimi ni muuguzi, si padri.

Mwandikie yule mtu ukweli.

Nijolė


Šilagiriai, 1 Juni 1998

Rimvydas,

Ikate hiyo sauti. Haina kazi pale.

Ž.


Kaunas, 8 Juni 1998

Sijui namwandikia nani.

Nina mbele yangu barua ya Žygintas ya Novemba. Anasema: "Ukiikata sauti ya baba, nirudishie kaseti, sitaki kuwemo. Wiki ile nzima hakunisemesha kingine." Mtu aliyeandika hivyo hawezi kuja kusema "haina kazi pale."

Nimezitoa barua zake zote nikazilinganisha na hizi mbili. Taipureta ni ileile, ile herufi k iliyopinda. Mkono ni mwingine. Žygintas hupiga haraka na kukosea, wewe hukosei hata nukta.

Kama ni utani, utani umetosha. Kama anaumwa, niambie nije, gari la shemeji yangu lipo. Kama mmegombana na hataki nimwandikie tena, niambie hilo pia. Lolote lile. Tafadhali.

Rimvydas Gaučys


Šilagiriai, 13 Juni 1998

Bwana Gaučys,

Mimi ni Bronius Valentukevičius, baba yake. Marehemu ni yeye.

Alifariki Jumamosi tarehe 7 Machi. Alikwenda ziwani asubuhi na kinasa sauti, na kipaza sauti amekifunga kwenye fimbo ya kuvulia samaki. Barafu ilimvunjikia karibu na matete. Tulimfikia kwa ngazi ya paa, mimi na jirani. Alikuwa ameshakaa majini robo saa. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Kinasa sauti hatukukitafuta. Sauti uliyoiomba iko chini, kina cha mita nne. Kama bado unaitaka, njoo uifuate.

Nimekudanganya mwezi mzima ili nijue ulimwambia nini. Sasa najua. Ulimwambia akaliombe ziwa. Alikwenda.

Usije huku na gari la shemeji yako.

B. Valentukevičius


Kaunas, 30 Agosti 1998

Mzee Bronius,

Nimeianza barua hii tangu Juni. Daiva amekuwa akizikuta karatasi kwenye kapu la kuni, akaacha kuniuliza.

Sitaandika neno samahani, kwa sababu sijui ungeliweka wapi. Maneno yale niliyaandika nimekaa jikoni kwangu, miguu karibu na jiko, nikajiona najua kuandika. Mtu anayemwambia mwenzake akaliombe ziwa alipaswa kwanza kusimama juu ya hilo ziwa mwenyewe. Sikuwahi.

Albamu nimeisimamisha. Wale wengine kumi nimewaandikia sababu. Dada wa Šiauliai amejibu kwamba atangoja hata miaka mitano. Mmoja amechukua wimbo wake, yuko sahihi. Wengine wamenyamaza.

Ndani ya bahasha hii kuna barua zote alizoniandikia, saba, pamoja na kaseti halisi. Sikubakiza nakala. Zilikuwa zangu alipokuwa hai.

Kuna jambo sijui kama nikuambie, lakini nimechoka kuficha. Yeye aliniambia umefariki, nami niliamini. Mwaka jana, Siku ya Marehemu, nilipokwenda kwenye kaburi la wazazi wangu, niliwasha mshumaa mmoja zaidi kwa ajili yako. Nilikuwa na mishumaa mitatu, na wewe ulikuwa na mwana niliyempenda.

Rimvydas Gaučys


Šilagiriai, 14 Septemba 1998

Rimvydas,

Nimezisoma kwa siku tisa. Naanza asubuhi baada ya kukamua, nikifika pazito naacha, naenda kuokota uyoga. Mwaka huu uyoga ni mwingi kwelikweli, nimekausha wa kutosha nyumba tatu.

Barua yake ya tatu ni ya Machi mwaka jana. Anasema: "Leo pia nilikuwa ziwani na kinasa sauti, mara ya tano sasa. Barafu inanguruma kama ng'ombe aliye chini ya sakafu. Nitaipata mwaka huu au ujao." Mwaka mzima karibu, kabla wewe hujamwomba chochote. Barua hii ulikuwa nayo. Ungeweza kuitanguliza, ukaipigia mstari mwekundu, ukaniambia mzee, tazama. Uliichanganya na zile nyingine kama karatasi yoyote. 

Kwa hiyo nami nitakuambia jambo ambalo binti yangu halijui.

Ijumaa ile, siku moja kabla, nilikwenda kwenye matete kukata ya kufunikia mizinga. Barafu ya pale ilikuwa imeshakuwa nyeusi, na maji yalitokeza nilipochomeka kisu. Nikarudi mikono mitupu. Nimeishi kando ya ziwa lile miaka sitini na nne. Sikuhitaji mtu wa kunieleza nilichokiona.

Jumamosi asubuhi tuligombana kwa sababu ya nta. Alikuwa ameyeyusha kipande nilichokiweka kwa ajili ya fremu za nyuki, akakitumia kuziba ufa wa kankles. Nilisema mengi. Nilisema ishirini na sita ni umri wa kuwa na watoto, si wa kuchezea kuni zilizopasuka. Na ule ufa niliufanya mimi. Yeye alifungua mdomo mara moja tu. Akasema, "Nitakurudishia nta yako, Baba." Akatoka.

Nilikuwa dirishani. Nilimwona anapita na ile fimbo, na nilijua anaelekea wapi. Dirisha lile linafunguka kwa kidole. Nikasema moyoni, acha aende, alowe mpaka magotini, atarudi na adabu. Ndivyo nilivyosema. Nikaendelea kugonga misumari kwenye fremu.

Hayo ndiyo unayoyajua sasa.

Wimbo uchapishe, kaseti nakurudishia ndani ya bahasha hii. Sauti yangu iache palepale alipoiweka, kama alivyotaka. Pale mwisho usijaze kitu.

Ukija na gari, pitia Varėna. Njia ya msituni ina mashimo.

Bronius


Šilagiriai, 25 Oktoba 1998

Mwanangu Nijolė,

Rimvydas alikuja Jumapili iliyopita. Nilitarajia mtu mkubwa. Ni kijana mwembamba mwenye ndevu na viatu vya mjini, na anamwogopa mbwa wetu. Alisimama getini na kisanduku mikononi, hajui aingie au aondoke. Nikamwambia, "Ingia, viazi vinapoa." Akasema, "Sikuja kula, Mzee." Nikamwambia, "Mimi pia sikupika kwa ajili yako, nilipika kwa sababu ni saa sita." Akaingia.

Alikula sahani mbili za viazi na uyoga. Kisha akatoa ile albamu. Ni diski, ndogo kama kifuniko cha mtungi wa asali, na alileta na mashine ya kuichezesha. Zile za mwanzo ishirini tu ndizo zimetoka, moja ni yangu, moja ni yako. Nyimbo sasa ni kumi. Wa mdogo wako bado ni wa tisa.

Tulisikiliza zote, mchana wote, pale mezani. Nilidhani nitachukia. Wa kwanza niliuchukia. Ule wa sufuria wa yule msichana wa Šiauliai ulinikamata, kwa sababu hivyo ndivyo mavuno yalivyokuwa, mgongo unauma na mtu anaimba karibu yako na wewe unatamani anyamaze. Nikamwambia Rimvydas hivyo. Akaandika kwenye karatasi, akasema atampelekea.

Wa tisa ulipofika sikumwomba auruke. Tulisikiliza mpaka mlango, mpaka sauti yangu, mpaka ule utupu. Ni nusu dakika, Nijolė, jaribu kukaa nayo uone ilivyo ndefu. Rimvydas aliinamisha kichwa mezani akalia. Mimi niliinuka nikampa maji Margė, na ndama. Niliporudi alikuwa ameosha sahani.

Kwenye jalada, chini ya jina la Žygintas, ameandika langu, na mbele yake neno "sauti." Aliniuliza kwanza. Nilimwambia aandike, ni kweli.

Sasa la kwako. Nilikuambia siku ile nilikuwa zizini. Sikuwa zizini. Nilikuwa dirishani, nikamwona anapita na fimbo. Na tangu Ijumaa nilijua kwamba barafu ya kwenye matete imeoza. Nilinyamaza kwa sababu ya hasira, na hasira ilikuwa ya kipande cha nta. Na lile blanketi nililikunja mimi, na kankles niliipeleka bandani kwa mikono yangu nikijua baridi itaifanya nini. Nilitaka aache muziki, arudi chuo cha misitu alichokiacha.

Rimvydas amelijua hili kabla yako, tangu Septemba. Hilo nalo ni kosa, naliongeza juu ya mengine. Nilimwambia yeye kwanza kwa sababu yeye hana jina la kuniita ambalo anaweza kuacha kuniita.

Diski yako nimeifunga kwenye gazeti. Siitumi kwa posta. Iko hapa.

Bronius, baba yako


Klaipėda, 28 Oktoba 1998

Baba,

Barua yako nimeipata jana. Nimeisoma kazini, kisha nikamwomba mwenzangu anishikie wodi, nikakaa kwenye ngazi.

Sitaki kuandika jambo ambalo nitalijutia au ambalo utalibeba vibaya. Nitakuja. Nimechukua siku nne. Nitafika Jumamosi kwa basi la saa nane mchana. Usije kituoni, nataka kutembea. Usichinje chochote.

Washa jiko la kupashia joto chumbani kwa Žygintas tangu asubuhi. Nitalala humo.

Nijolė